Daftari Jipya na Maswali Yetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa Kibondo na Kasulu, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Tumepewa nafasi hii baada ya nyimbo na baada ya taarifa ya Mweka Hazina, nasi twajua ya kuwa chakula ki tayari. Walakini jambo tulilo nalo haliwezi kungoja siku nyingine, kwa kuwa muda si mrefu orodha ya malipo ya pili itatolewa, na safari hii haitatoka katika vitabu vya vyama vya msingi kama desturi yetu ilivyokuwa, bali katika daftari jipya lililomo ndani ya kompyuta. Wengi wenu mmetuuliza kama daftari hilo laaminika. Jibu letu ni kwamba laaminika, maadamu mwenye kuliuliza ajue namna linavyotafuta. Asiyejua hilo atapewa orodha safi, iliyopangwa vizuri kuliko mwandiko wa karani yeyote, na katika orodha hiyo majina ya watu yatakuwa yamekosekana, wala kompyuta haitasema neno.

Tulikumbuke kwanza daftari la zamani. Katika chama cha msingi wanachama waliandikwa kwa kufuata namba zao za kujiunga: wa kwanza ukurasa wa kwanza, na kuendelea. Ukitaja namba, karani alikufunulia mara moja. Ukitaja jina bila namba, ilimpasa kupekua. Ndiyo sababu makarani hodari walitengeneza mwishoni mwa kitabu orodha nyingine fupi, ya majina kwa mfuatano wa a, b, ch, na kando ya kila jina namba ya ukurasa. Hiyo ndiyo faharasa. Wengine waliongeza faharasa ya pili, ya vijiji: Kitanga hawa, Makere hawa, Zeze hawa. Kila faharasa ilijibu swali la aina moja. Ofisa alipokuja akauliza, “Nani wameleta zaidi ya kilo 200 za kahawa, nao wana shamba lisilofika ekari mbili?” hapakuwa na faharasa ya kumsaidia. Karani aliweka kando kalamu, akavuta kiti, akasoma kitabu chote tangu mwanzo hata mwisho, akiweka alama.

Nasi twawaomba mshike jambo hilo moja, kwa maana daftari jipya ni vivyo hivyo. Tofauti yake ni kwamba lenyewe halikubali kuvuta kiti.

Daftari letu jipya liko katika kile ambacho wataalamu hukiita wingu. Hapana wingu, ni majumba yaliyojaa kompyuta katika miji ya mbali, nasi twakodi nafasi humo. Ni kanzidata ya hati, maana yake kila mwanachama ana hati yake mwenyewe, mfano wa kadi, na kadi zote zimo katika sanduku moja. Juu ya kadi pana nafasi za kujaza: jina, kijiji, wilaya, namba ya simu, ekari, kilo za msimu, tarehe ya mwisho aliyouza. Iliyojulikana sana katika jamii hii ni Firestore ya kampuni ya Google, iliyotangazwa mwaka 2017. Nyingine ni DynamoDB ya Amazon, iliyoanza mwaka 2012. Jina la aliyetuuzia sisi halina faida katika maneno ya leo. Sheria za kanzidata hizi zimeandikwa wazi na wenyewe, yeyote aweza kuzisoma, na kwa sehemu kubwa zafanana.

Firestore yafuata kanuni kwamba hujibu kwa kusoma faharasa, na husoma kipande kimoja cha faharasa kilichoungana, kuanzia mahali hapa hata mahali pale. Faida yake ni kubwa mno. Swali lenye majibu 20 huchukua karibu muda uleule, sanduku liwe na kadi 2,000 au milioni mbili, kwa kuwa muda hutegemea ukubwa wa jibu, si ukubwa wa sanduku. Karani aliyesimama Mabamba na simu mkononi, mizani mbele yake, na watu arobaini wakingoja juani, apata kadi ya mwanachama kabla gunia halijatua.

Lakini hasara yake yatoka katika kanuni hiyohiyo. Mwuliza wanachama wa Makere wanaolima kahawa, naye atajibu. Kijiji ni kimoja, zao ni moja. Mwulize wanachama wa Makere walioleta zaidi ya kilo 200, atajibu pia, mradi umekwisha kumtengenezea faharasa iliyopangwa kwa kijiji kwanza na kilo baadaye. Kwa maana katika faharasa hiyo watu wa Makere wako pamoja, na wenye zaidi ya kilo 200 wamefuatana mwisho wa fungu lao. Usipoitengeneza, atakataa. Twasema mara moja kwamba kukataa huko ni tabia njema. Anayekataa kwa sauti hakudhuru mtu.

Sasa mwulize lile swali la ofisa, kilo zaidi ya 200 na ekari chini ya mbili. Panga faharasa kwa kilo, nao wenye ekari chache watatawanyika ndani yake huku na huku. Ipange kwa ekari, nao wenye kilo nyingi watatawanyika. Hapana kipande kimoja kilichoungana. Kwa miaka mingi Firestore ilikataa kabisa swali la namna hiyo. Alama ya “zaidi ya” au “pungufu ya” iliruhusiwa katika nafasi moja tu ya kadi. Mwaka 2024 ruhusa ilitolewa ya kuziweka katika nafasi zaidi ya moja. Lakini ruhusa haikubadili kazi yenyewe. Bado faharasa itasomwa na wasiohusika warukwe, na kadiri wasiohusika wanavyokuwa wengi ndivyo kazi na gharama inavyokua.

Kupanga nako kulifungwa na kamba hiyohiyo. Kwa muda mrefu, ukichuja kwa kilo, orodha ilikuja imepangwa kwa kilo kwanza; mtu aliyetaka wenye zaidi ya kilo 200 kwa mfuatano wa majina ilimpasa azipange mwenyewe baada ya kuzipokea. Juu ya hayo yako mambo madogo. Uchujaji wa “awe katika mojawapo ya vijiji hivi” una kikomo. Mwanzoni vijiji 10, siku hizi 30. Chama Kikuu chenye vijiji zaidi ya hivyo chauliza mara mbili, tatu, kisha chaunganisha. Hilo ni usumbufu tu, si hatari.

Hatari yenyewe ni nafasi iliyo tupu.

Tumesema kwamba kadi hazilazimiki kufanana. Moja yaweza kuwa na nafasi ya simu, na nyingine isiwe nayo kabisa. Sasa faharasa ya simu hutengenezwa kwa kadi zenye nafasi hiyo peke yake. Kadi isiyo nayo haimo katika faharasa. Na isiyokuwamo katika faharasa haipo, kwa swali lile. Basi ukisema, “Nipe wanachama wote, uwapange kwa namba ya simu,” utadhani umetaka wote. Kwa kweli umetaka wote wenye simu. Neno “panga”, ambalo kwetu sisi halimfukuzi mtu, kumbe humo ndani lachuja.

Fikirini, ndugu, ni kina nani wasio na namba ya simu katika madaftari yetu. Ni wazee. Ni wajane walioachiwa uanachama na marehemu waume zao, na kadi ikahamishwa kwa jina bila mambo mengine. Ni wale wa vijiji vya pembeni waliojiunga wakati fomu haikuuliza simu. Halikadhalika ukipanga kwa tarehe ya mwisho aliyouza, atakosekana yule aliyejiunga mwaka huu na hajauza bado, naye ana haki ya kupiga kura kama wengine. Mtu hukosekana katika orodha kwa sababu hana kitu fulani, na aghalabu asiye na kitu ndiye asiye na mtu wa kumsemea ofisini.

Nanyi msidhani kwamba swali la kinyume litawaokoa. Tuchukue mfano, hesabu zake tumezibuni kwa ajili ya kufundishia tu. Sanduku lina kadi 6,000. Twauliza walioleta zaidi ya kilo 200, twapata 2,350. Twauliza walioleta kilo 200 au pungufu, twapata 3,410. Mtu mwenye akili timamu atasema kila mwanachama yuko upande mmoja au wa pili. Jumlisheni: ni 5,760. Wanachama 240 hawamo huku wala kule. Kadi zao hazina nafasi ya kilo. Hata ukiuliza “wale ambao kilo zao si sawa na 200”, hawatatokea. Mashine haikudanganya, uliyoyauliza imeyajibu. Lakini hao 240 ni watu.

Katika kadi za namna hiyo wamo pia wengine walioandikwa, lakini wameandikwa vibaya. Karani mmoja aandika 350 kama hesabu. Mwingine aandika “kilo 350” kama maneno. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa daftari, hesabu ni jamii moja na maneno ni jamii nyingine, na ukiuliza zaidi ya 200 utapewa hesabu tu. Tena maneno yakipangwa hupangwa kwa herufi, hata yakiwa tarakimu: “1000” hutangulia “95”, kwa kuwa moja hutangulia tisa. Herufi kubwa nazo hutangulia ndogo zote. Aliyeandika makere kwa herufi ndogo ataikuta kadi hiyo baada ya Zeze, mwisho kabisa wa orodha, naye akiuliza Makere kwa herufi kubwa hataiona. Asali tusiiseme. Kibondo walipima kwa ndoo, kwingine kwa kilo, na namba zote zikatiwa katika nafasi moja; hapo hata karani wa karatasi angelia.

Jambo la wilaya lataka maneno zaidi, kwa sababu ni letu sisi hasa wa nyanda hizi. Wazee waliopo hapa wakumbuka Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishiwa vijijini. Mtu aliyeandikwa mahali hapa akawa anaishi pale. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha; madaftari yaliyobaki katikati ya miaka ile mwajua wenyewe hali yake. Kisha mwaka 2012 zikazaliwa wilaya mpya: Kakonko ikatoka katika Kibondo, Buhigwe ikatoka katika Kasulu. Shamba halikusogea hata hatua moja. Mkulima wa Manyovu alilala Kasulu akaamka Buhigwe, na migomba yake palepale. Vitabu vya kale vya vyama vya msingi vyasema Kasulu. Fomu za siku hizi zasema Buhigwe. Ukiyanakili yote kama yalivyo kisha ukachuja kwa wilaya, utapata nusu ya watu kwa jina moja na nusu kwa jina la pili, nao ni majirani waliopakana mashamba.

Kwa daftari la aina nyingine, jambo hilo ni jepesi: ungeandika mahali pamoja kwamba kijiji fulani ki katika wilaya fulani, na kila kadi ingeuliza kijiji. Kanzidata ya hati haina desturi hiyo. Kwa kawaida swali moja husoma sanduku moja, wala haliungi kadi za wanachama na stakabadhi za mizani kama karani aunganishavyo vitabu viwili kwa vidole vyake. Ukitaka kuchuja stakabadhi kwa kijiji cha mwanachama, sharti kijiji kiandikwe juu ya kila stakabadhi. Na jina la wilaya likibadilika, sharti ubadilishe stakabadhi zote, moja moja. Sisi tumeamua kwamba stakabadhi itachukua kijiji bila wilaya. Vijiji vyabadilika mara chache kuliko mipaka ya serikali.

Majina ya watu nayo yana lao. Faharasa hutafuta tangu mwanzo wa neno. Mwanachama akiandikwa “Maria” kisha jina la Kiha, na karani ajua lile la Kiha tu, hatampata kwa kulitafuta, kwa kuwa limo katikati ya mstari. Nasi mwajua tulivyo na akina Maria na Yohana wengi, na kijijini mtu huitwa kwa jina alilopewa na baba yake. Kwa hiyo fomu mpya ina nafasi mbili za jina, na zote mbili zitajazwa.

Mjumbe mmoja wa Kasulu alituuliza, naye aliuliza kwa haki: kama mambo ni haya, kwa nini tusichukue daftari la majedwali? Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alieleza mpango wa kuweka habari katika majedwali, ili mtu aulize atakavyo na apange atakavyo, mashine itafute njia yenyewe. Mpango huo wafanya kazi hata leo duniani kote, na kwa swali la ofisa ndio ufaao. Majedwali nayo yaweza kuwekwa katika wingu. Lakini sisi tulitazama kituo cha kununulia. Umeme wakatika, mtandao waja na kutoweka, na makarani wa Kibondo na wa Kasulu wahitaji daftari moja kwa saa ileile. Mpango wa hati tulionao umekuja na uwezo wa kuandika simu ikiwa haina mtandao: simu huyatunza maandishi, na mtandao ukirudi huyapeleka yenyewe. Kazi ya kupima maharage haisimami. Tuliona hiyo ni faida iliyo kubwa kuliko usumbufu wa orodha, nasi bado twaona hivyo.

Ila hapo pia pana tundu. Simu isiyo na mtandao hujibu maswali kwa kadi ilizonazo mfukoni tu, yaani zile ilizokwisha kuziona. Karani akiuliza orodha ya kijiji akiwa bondeni pasipo mtandao, atapewa orodha, nayo yaweza kuwa robo ya kijiji. Orodha ya namna hiyo ifae kwa kupima, isitumiwe kwa kulipa.

Kuna na gharama, ambazo Mweka Hazina ametuomba tusizipite. Katika kanzidata hizi hulipi kwa mwezi kama pango la nyumba. Walipa kwa kadi zilizosomwa. Firestore hutoa bure kadi 50,000 kwa siku katika kanzidata moja, zaidi ya hapo ni malipo. Rudini katika mfano wetu wa kadi 6,000. Makarani kumi, kila mmoja afungue orodha nzima mara moja asubuhi ili amtafute mtu mmoja kwa macho: kadi 60,000 zimekwenda kabla ya saa nne. Hata kuhesabu tu kulikuwa ghali, mpaka mwaka 2022 ilipowekwa njia ya kuhesabu kwa faharasa, na hesabu ya majina hadi 1,000 ikatozwa kama kadi moja. DynamoDB nayo ina jambo la kushangaza: ukimwambia achuje kwa nafasi isiyo katika ufunguo wake, asoma kwanza, achuja baadaye, nawe walipia alivyovisoma, si ulivyopewa. Tena husoma fungu la kiasi cha megabaiti moja kwa mara moja, kwa hiyo ukurasa waweza kurudi mtupu ingawa majibu yako ukurasa unaofuata. Karani asiyejua hilo atasema, “Hapana mtu,” akafunga.

Basi tumepanga kazi kama ifuatavyo, na Bodi imekubali.

Maswali ya kila siku yatajibiwa na daftari la wingu, kwa simu: mwanachama huyu ni nani, ameleta kiasi gani, kijiji hiki kimeleta nini wiki hii. Hayo faharasa zake zimekwisha kutengenezwa. Hatutaongeza faharasa kwa kila atakayeomba, kwa maana kila faharasa huandikwa upya kadi inapobadilika, na uandishi nao una bei. Maswali ya mwaka, yaani malipo ya pili, wapiga kura wa Mkutano Mkuu, na orodha atakazozitaka ofisa kwa vipimo viwili au vitatu, hayataulizwa kwa simu kamwe. Kwa hayo tutatoa nakala ya kadi zote, tuiweke katika jedwali la kompyuta ya ofisi, na humo tutachuja na kupanga tupendavyo bila kamba ya mtu. Nakala hiyo itakaa ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatuhusu sisi pia, na namba za simu za wanachama si kitu cha kutumiana na marafiki.

Kila orodha ya malipo itabandikwa ikiwa na hesabu tatu juu yake: kadi zote za chama cha msingi, waliomo katika orodha, na wasiokuwamo. Mbili za mwisho zisipolingana na ya kwanza, orodha haitatiwa sahihi. Tumeona wengine wakicheka kwamba hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Naam, ni hiyo. Tena ndiyo ambayo mashine haikuifanya katika mfano wetu wa wale 240, kwa kuwa hakuna aliyeitaka.

Jambo la nafasi tupu limepata kanuni yake. Mwanachama asiye na simu haachiwi nafasi wazi. Fomu itakuwa na alama ya “hana”, na daftari litaandika humo thamani tupu iliyoandikwa kwa kusudi. Kadi yenye alama hiyo huingia katika faharasa, nayo hutokea mwanzoni kabisa orodha inapopangwa kwa simu, ambapo kila mtu ataiona. Ambaye hajauza msimu huu ataandikiwa sifuri katika kilo. Sifuri ni hesabu, yachujika.

Kuhusu vitabu vya karatasi, mawazo yamekuwa mawili, nasi hatutaficha letu. Wako wanaosema vifungiwe ghalani, kazi mbili za nini. Twajibu kwamba kitabu cha chama cha msingi ndicho pekee ambacho mwanachama aweza kukifungua kwa mkono wake, akatia kidole juu ya jina lake. Msimu wa 2022/2023 Serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea, mkulima aliandikwa katika mfumo wa kompyuta akapewa namba yake. Twakumbuka sote jinsi watu walivyotaka kujua kama wamo au hawamo. Swali la “nimo?” halina faharasa bora kuliko kitabu kilichowekwa juu ya meza. Tunapendekeza vitabu viendelee, na mwisho wa kila msimu idadi ya majina yaliyomo ilinganishwe na idadi ya kadi. Mkutano Mkuu ndio utakaokata shauri hilo. Mtakapopiga kura, fikirini kadi za kijiji chenu.

Fomu mpya za marekebisho zitafika vyama vya msingi pamoja na magunia. Kila mwanachama aje na kitabu chake cha mauzo na kitambulisho. Katibu wa chama cha msingi amsomee yaliyomo katika kadi yake nafasi kwa nafasi: jina la kwanza, jina la Kiha, kijiji kwa herufi kubwa mwanzoni, ekari kwa tarakimu tupu bila neno “ekari”. Aliye mgonjwa afuatwe nyumbani. Kwa wajane, kadi ya marehemu isifutwe kabla ya kadi mpya kujazwa yote. Na karani akikuta nafasi iliyo wazi, asiijaze kwa kukisia wala asiiache. Aandike jina la mtu huyo katika karatasi ya kando na kuileta Kasulu au Kibondo, ofisi iliyo karibu naye, kabla orodha haijatolewa.